Kipimo cha Shavu

Wifi yangu anaitwa Poda, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja wa kinu. Hasagi mahindi wala ngano. Anasaga mawe yanayotoka mashimoni, yale yenye dhahabu ambayo huioni kwa macho hata ukiyakodolea kutwa nzima. Mteja analeta viroba vyake, mawe yanapondwa kwa nyundo, yanaingizwa kwenye pipa kubwa la chuma pamoja na mipira ya chuma inayotoshana na machungwa. Mota inawashwa, pipa linazunguka, na mtaa mzima unaanza kuongea kwa kupiga kelele, hata watu waliomo ndani ya nyumba zao. Baadaye unga unaoshwa kwa maji juu ya ubao uliotandikwa zulia. Mchanga mwepesi unakwenda na maji, dhahabu nzito inanasa kwenye zulia. Ndiyo kazi yenyewe, na nimeieleza mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa.

Kujua kama unga umelainika, kwetu kulikuwa na kipimo kimoja tu: shavu. Mteja alichota unga kidogo kwa ncha za vidole, akajipaka shavuni, akafumba macho kama anayesikiliza redio ya jirani. Ukimkwaruza, alitikisa kichwa na pipa likaendelea kuzunguka. Usipomkwaruza, kinu kilizimwa. Unga wa wifi yangu haukuwahi kumkwaruza mtu. Mama mmoja alisema unga ule angeweza kumpaka mwanawe baada ya kumwogesha, na tangu siku hiyo jina likaganda.

Mimi ni mke wa kaka yake mkubwa. Mawifi tunasifika kwa kutopatana, na sisi hatukutaka kuwaangusha waliotusifu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu alikuwa akija kwetu anapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, yeye ambaye ukimpiga kofi la mgongo unapata wingu la kutosha kufungua kiwanda cha saruji. Siku moja nikamwambia hivyo hivyo. Alicheka mpaka akakaa chini, na kuanzia hapo tukawa marafiki.

Amekulia kwenye nyundo huyu. Kabla ya kinu, mama mkwe wangu alikuwa akiponda mawe ya watu kwa ujira, ameketi juu ya gunia lililokunjwa, na binti yake ameketi mbele yake na nyundo ndogo. Hana kidole kimoja kilichonyooka sawasawa. Baba mkwe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na ndiye aliyeliunda lile pipa kwa kipande cha bomba nene, akalifungia mota iliyotoka kwenye kiwanda kilichokufa. Siku lilipowashwa mara ya kwanza, mama mkwe aliirusha nyundo yake juu ya ukuta kwa furaha, ikavunja mtungi wa jirani, ikabidi wamnunulie mwingine. Wifi alikuwa bado msichana wa shule. Aliniambia alilia siku ile, kwa sababu alijua mama yake hatainama tena.

Kwa hiyo kwake kinu kile si mashine tu. Aliolewa, akaachika bila matusi, maana mumewe alitaka mke anayenukia sabuni, akarudi zake kinuni. Baba alipofariki, watoto watatu wakarithi kwa pamoja: mume wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wifi, na mdogo wao, dereva wa lori. Wenzake walimwachia akiendeshe, kwa maneno matamu kabisa, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kula vumbi.

Shida ikaanza na bili ya umeme. Haikuja kwa kishindo. Kila mwezi ilipanda kidogo, na kila mwezi wifi alisema mwezi ujao itashuka, na bandu bandu huisha gogo. Mgawo wa ndugu zake ukapungua, halafu ukakoma. Kisha mume wangu akaanza kuchomoa fedha dukani kulipia umeme wa kinu, na hapo ndipo jambo hili lilipovuka kizingiti cha nyumba yangu. Mume wangu ni mtu mpole, lakini ukiligusa duka lake umemgusa mboni ya jicho.

Akaitisha kikao sebuleni kwetu.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Ila kinu kinakula kuliko kinavyoleta. Kuna mnunuzi wa chuma chakavu analitaka pipa, na mota anaitaka. Tuuze wakati bado tuna cha kuuza."

"Kaka, baba alikiunda kwa mikono yake," wifi alisema.

"Alikiunda kitulishe. Sasa sisi ndio tunakilisha."

Mdogo wao, ambaye hajapinga jambo tangu azaliwe, alisema, "Mimi nipo na wengi."

"Wengi wepi, shemeji? Mko watatu," nilisema. Sikutakiwa kusema kitu, nilikuwa nimeleta chai tu, lakini mdomo wangu hauombi ruhusa.

Wifi akaomba muda, wakampa mpaka mvua zianze. Mvua zikianza mashimo hujaa maji na mawe hupungua. Kama kufikia hapo kinu hakijaweza kulipa umeme wake chenyewe, mnunuzi ataitwa, pipa litakatwa vipande na kupakiwa garini. Wifi alikubali kwa kichwa, akatoka bila kumaliza chai yake, na kwa jinsi anavyoipenda chai nikajua moyo umemuuma.

Basi akaanza kubana matumizi, na alibana kila mahali isipokuwa panapovuja. Aliondoa taa za banda akaacha moja, kana kwamba taa ndizo zinazozungusha pipa. Akapunguza sukari kwenye chai ya wafanyakazi. Wakanuna, na koleo zikawa nzito ghafla. Akaacha kununua mipira mipya ya chuma. Ile ya zamani ikalika mpaka ikabaki kama ndimu, na mipira midogo haina nguvu ya kuvunja mawe, kwa hiyo pipa likalazimika kuzunguka zaidi ili kuufikia ule ulaini wa shavu. Bili iliyofuata ikaja kubwa kuliko zote. Aliniletea jikoni.

"Wifi, nimebana mpaka nimekwisha," alisema. "Sijui inavuja wapi."

Nilimtilia chai yenye sukari ya kutosha, maana kwake alikuwa ameipiga marufuku.

Siku iliyogeuza mambo ilianza vibaya. Alikuwepo mteja tunayemwita Bi Haraka, mwanamke anayenunua mawe mashimoni na kuyasagisha, na ambaye hata salamu huitikia akiwa amekwisha kupita. Siku hiyo alileta mzigo mdogo, viroba viwili tu. Pipa halijafika popote, umeme ukakatika. Nje gari la kumrudisha lilikuwa likipiga honi, na dereva alishasema hamngojei mtu.

"Toa hivyo hivyo," Bi Haraka alisema.

"Siwezi, una chenga huo," wifi alisema. "Sijawahi kutoa unga wenye chenga hapa."

"Mama, mimi nakuja kuosha dhahabu, siji kujipodoa. Fungua pipa niende."

Nyumba yetu iko hatua chache kutoka kinuni, na nilikuwa nimempelekea wifi chakula cha mchana. Alinitazama kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa na wageni kabla hajafagia. Akasema basi angalau tuzitenge zile chenga, asije mtu akatangaza kwamba kinu cha Poda kinatoa kokoto. Akaniomba chekeche langu la unga. Nililitoa kwa moyo mweupe nikidhani litarudi.

Tukachekecha, vumbi likatugeuza watu wa kijivu. Nikaona jambo ambalo sikulielewa: unga karibu wote ulikuwa unapita. Juu ya chekeche zilibaki chenga kidogo tu. Bi Haraka akaubeba ule uliopita, akauosha haraka haraka, akalikung'utia zulia kwenye karai, akayumbisha maji. Halafu akasimamisha mikono, na Bi Haraka si mtu wa kusimamisha kitu.

"Hebu njoo uone," alimwambia wifi.

Dhahabu ilikuwa imetulia chini ya karai, nyingi kuliko kawaida ya mawe ya shimo lile. Tena ilikuwa ya punje, siyo ile nyembamba inayoelea juu ya maji kama haijui ilikokusudia kwenda. Bi Haraka alisema shimo limebadilika, Mungu amemwona, akapanda gari akatokomea. Zile chenga aliziacha, zitasagwa siku nyingine.

Umeme uliporudi wifi aliingiza pipani zile chenga tupu, na zikasagika mara moja. Kisha akaenda mwisho wa ubao wa kuoshea, kwenye shimo yanakoingia maji machafu, akachota tope la siku zilizopita. Akalisugua katikati ya vidole, akachota tena kwingine, akasugua. Halafu akakaa chini, pale pale penye matope.

"Wifi, unaumwa?" nilimuuliza.

"Siumwi. Nimeona panapovuja."

Akanieleza polepole, kwa sauti ya mtu anayejieleza mwenyewe. Mawe mengi yanasagika mapema. Baada ya hapo, muda wote ule pipa linapozunguka na kunguruma, linasaga unga ambao ni unga tayari, kwa sababu ya chenga chache ambazo zingeweza kutengwa. Umeme unalipiwa kazi iliyokwisha. Tena dhahabu yenyewe inagongwa na mipira ile mpaka inakuwa bapa, nyepesi, inapoteza uzito wa kuzama, na maji yanaizoa mpaka kwenye tope.

"Tunalipa umeme ili tumwage mali ya watu," alisema. "Na mimi hapa najiita Poda."

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa akimshuku fundi umeme, mita, mota, hata jirani kwamba kajiunganishia waya, kumbe kilichokuwa kinakitafuna kinu ni ule ulaini uliompa sifa mjini. Nilikuwa na utani mzuri sana wa kumtania siku ile. Nilimhurumia, nikaumeza.

Kujua hakukutosha, kwa sababu wateja nao wana mashavu yao. Wifi aliuza kitanda chake, kile kikubwa cha mbao alichoondoka nacho kwa mumewe, akahamishia godoro sakafuni. Kwa fedha ile akanunua mipira mipya ya chuma, na wavu kutoka dukani kwa mume wangu, ambaye alimtoza bei kamili bila kupepesa macho. Fundi seremala akamtengenezea chekeche la kuning'iniza, refu kama mlango. Utaratibu ukawa mpya: pipa linazungushwa kidogo, linafunguliwa, unga unachekechwa, na chenga pekee ndizo zinazorudi kusagwa.

Wa kwanza kuukataa alikuwa mteja mkubwa kuliko wote, mzee tunayemwita Bwana Hapana kwa sababu kila sentensi yake inaanzia hapo. Alijipaka shavuni, akafumba macho, akafumbua.

"Hapana. Huu unakwaruza."

"Unakwaruza kidogo, baba," wifi alisema. "Lakini dhahabu hutaitafuta shavuni."

Mimi ningelisema vizuri zaidi, lakini wifi akichoka ulimi wake huwa na makali. Bwana Hapana aliamuru viroba vyake vipakiwe, akavipeleka kwenye kinu cha upande wa pili wa barabara kuu, na wengine wakamfuata. Banda likawa kimya. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilisikia kuku wa jirani nikiwa jikoni kwangu, wakilia kama wageni wanaopiga hodi. Mume wangu naye alikisikia kimya kile. Alipangusa tu miwani yake, na mimi nikaona heri angesema kitu.

Jioni moja wifi alikuja akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kujikusanya.

"Nikirudi kwenye shavu, wateja watarudi," alisema.

"Na bili?"

"Na bili itarudi. Wifi, mimi nikiondolewa pale naenda wapi? Sijui kazi nyingine. Nikiona wanakata lile pipa, sidhani kama nitaweza kusimama."

Nilimshika mkono, ule wenye vidole vilivyopinda, na sikuona haya kulia naye. Nilimwambia hata akirudi kwenye shavu kinu kitakufa, tena kitakufa huku watu wakimsifia. Kama ni kujaribu, ajaribu upande ambao bado una tumaini.

Kesho yake alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimfuata mteja nyumbani kwake. Akamwomba Bwana Hapana alete mawe ya shimo moja, yagawanywe mafungu mawili yanayolingana. Fungu moja litasagwa kwa kipimo cha shavu kama zamani, jingine kwa chekeche, yeye mwenyewe akiwa amekaa hapo anatazama. Fungu la chekeche litakuwa bure. Bwana Hapana alianza kusema hapana, akasikia neno bure, akakohoa, akauliza aje saa ngapi.

Alikuja na kiti chake. Alikaa akaangalia pipa likizungusha fungu la shavu mpaka akasinzia na kuamka mara kadhaa. Fungu la chekeche lilikwisha kabla hajapata nafasi nzuri ya kukaa. Yakaoshwa mafungu yote mawili, kila moja na zulia lake na karai lake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wifi, na nakiri nilikuwa nimeshika nguo yake kwa nyuma kama mtoto.

Bwana Hapana alitazama karai la kwanza, akatazama la pili. Akarudi la kwanza.

"Hapana," alisema, lakini kwa sauti ndogo. Akayabadilisha mikono, akayapima uzito. "Hapana, mama. Kwa hiyo miaka yote hii mimi...?"

"Ndiyo, baba," wifi alisema. "Wewe na wote. Sikujua, ila ni mimi niliyekuwa nakusagia. Tope la zamani liko kwenye shimo pale. Mkitaka kuliosha upya, njooni mlichukue."

Nilifikiri atatukana, na angekuwa na haki. Yule mzee alivuta kiti chake karibu, akakaa, akaangua kicheko kirefu cha mtu aliyeibiwa na shavu lake mwenyewe. Viroba vyake vilirudi asubuhi iliyofuata, na kwa kuwa hajui kukaa na habari kifuani, wiki haikuisha barabara ile ikawa na foleni. Kelele zikarudi, kuku wakanyamaza, nami nikarudi kuongea kwa kupaza sauti ndani ya nyumba yangu, na sijawahi kuzifurahia kelele kiasi kile.

Mvua zikaanza. Bili ikaja, na siku chache baadaye, Jumapili mchana, tukakaa kikao sebuleni kama tulivyokubaliana. Mume wangu alikuwa na kikokotoo mezani na simu pembeni, maana mnunuzi wa chuma alisema atapiga kupata jibu. Wifi alikuja moja kwa moja kutoka kinuni, na viatu vyake vya kazi vimejaa tope la mvua. Akakataa kochi asije akalichafua, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Akaweka mezani bili na risiti yake.

Mume wangu aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Ilikuwa imeshuka karibu nusu.

"Nani kailipa hii?"

"Kinu," wifi alisema.

"Umekopa mahali?"

"Mume wangu," nilisema, "dada yako anakwambia kinu. Unataka kinu chenyewe kije kukuapia hapa?"

Wifi akaweka juu ya risiti mgawo wa kila mmoja wao. Haukuwa mkubwa, lakini ulikuwepo, na ulikuwa haujaonekana pale mezani kwa muda mrefu. Dereva wa lori alisema yupo na wengi, na safari hii alimtazama dada yake alipokuwa akisema. Mume wangu akavua miwani. Ni mtu mwenye kiburi cha kimya kimya, hawezi kusema nimekosea hata ukimtekenya. Kwa hiyo akaanza kuuliza maswali. Mikanda ya mota ina hali gani? Mipira inadumu kiasi gani? Mbona wavu hakuomba punguzo? Mdogo wao akasema afadhali wanunue mota mpya, mume wangu akasema mota iko sawa, tatizo ni waya, na wakaanza kubishana kwa raha, watu wawili ambao hawajawahi kufungua lile pipa hata siku moja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, nikihisi mabega yangu yanashuka. Sikujua kama nilikuwa nimeyapandisha muda wote huo.

Nilipomtazama wifi, alikuwa amelala. Amelala kabisa, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, mikono mapajani, anakoroma kidogo, huku nduguze wakigombana juu ya kichwa chake. Niliwaonyesha kwa kidole. Wakanyamaza katikati ya neno.

Simu ikaita. Mume wangu aliinyakua kabla haijaita tena, akatoka nayo mpaka barazani, nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Hapana ndugu yangu, hatuuzi. Hatuuzi kabisa. Na usipige kelele, dada yangu amelala."

Akarudi ndani kwa kunyata. Akapiga goti mbele ya kile kiti cha plastiki, akaanza kumfungua kamba za viatu.